Je, miaka ya Tabitha Chawinga nchini China ilikuwa hasara? Naomba ushauri kuhusu mpwa wangu mshambuliaji

MjombaWaUbungo ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na wakubwa nawapa shikamoo zao. Nina jambo ambalo familia yetu imelijadili kwa majuma matatu bila kufikia mwafaka, nami nimeona nililete hapa kwa watu wanaoufuatilia mpira wa wanawake kwa karibu kuliko mimi.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ametimiza miaka 18 mwezi uliopita. Anacheza namba tisa. Alianza kuonekana katika UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, akachukuliwa na timu ya mkoa, na msimu uliopita amecheza ligi kwa mara ya kwanza. Sisemi ni hodari kwa sababu ni damu yangu. Nasema hivyo kwa sababu nimesimama nyuma ya goli mara nyingi nikamtazama. Ana tabia ya kujibanza nyuma ya bega la beki wa kati, upande ambao beki hamwoni, na huanza kukimbia kabla kiungo wake hajainua kichwa. Mpira unapofika, yeye ameshapita. Hilo hakufundishwa na mtu.

Sasa ameitwa na timu mbili kupitia mtu anayejitambulisha kuwa wakala. Ya kwanza ni timu ndogo ya daraja la tatu nchini Sweden: atapewa chumba cha kulala pamoja na wenzake wawili, chakula, nauli, na posho ambayo kwa bei za kule haifiki mbali. Ya pili ni klabu moja barani Asia, yenye mshahara ambao, nasema kweli, unazidi wangu na wa dada yangu tukiijumlisha. Wakala anaisukuma hiyo ya pili, na hoja yake kubwa ni kwamba hata Tabitha Chawinga wa Malawi alikwenda China akiwa bado kijana, na baadaye akawa nyota wa Ulaya. Dada yangu ameshawishika. Mimi nimesoma habari za Chawinga na kuna jambo linalonitatiza: mwaka 2017 alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Sweden akiwa na umri wa miaka 21, kisha akaenda China, na Ulaya haikumwona tena uwanjani hadi mwaka 2022. Je, miaka ile ilikuwa hasara au faida? Na mfano wake unamhusu kweli mtoto wa miaka 18 ambaye hajawahi kupanda ndege?

KochaWaKirumba amejibu:

Mjomba, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia saini. Nimefundisha timu za wasichana hapa Mwanza kwa miaka kadhaa, na safari ya Tabitha ndiyo ninayowasimulia wachezaji wangu mara kwa mara, kwa hiyo niruhusu niieleze tangu mwanzo, maana wakala wenu ameianza hadithi katikati.

Tabitha alizaliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Rumphi, kaskazini mwa Malawi, na akaja kuichezea DD Sunshine ya Lilongwe. Mwaka 2014, akiwa na umri huohuo wa mpwa wako, alikwenda Sweden katika timu ya Krokom/Dvärsätt, huko Jämtland, kwenye baridi na theluji ambayo mtoto wa Rumphi hajawahi kuiota. Ilikuwa timu ya daraja la tatu. Narudia, daraja la tatu, kwa sababu nasikia wazazi wengi wakisema kwamba binti aliyezoea kushangiliwa hapa nyumbani hawezi kwenda kucheza timu ya kijijini. Msimu ule alifunga mabao 39. Mwaka uliofuata akachukuliwa na Kvarnsveden ya mji wa Borlänge, iliyokuwa daraja la pili, akafunga mabao 43 na timu ikapanda ligi kuu. Mwaka 2017 akafunga 26 na kuwa kinara wa mabao wa ligi kuu yote.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni hili: msimu huohuo wa 2017, Kvarnsveden ilishuka daraja. Hebu lifikirie hilo kama mwalimu wa mpira. Mshambuliaji wa timu inayotawala mchezo huletewa mpira ndani ya boksi akiwa ameuelekea goli, lakini mshambuliaji wa timu inayoshuka daraja huupokea karibu na mstari wa kati, amelipa goli mgongo, mabeki wawili wako naye na mwenzake wa karibu yuko mita 30 nyuma. Ili afunge mabao 26 katika hali hiyo ilimlazimu ajue kuulinda mpira kwa mwili, kugeuka, na kukimbia nao peke yake umbali mrefu huku akiwa na pumzi ya kutosha kumalizia kwa utulivu. Ukimtazama Tabitha wa miaka ya baadaye, akiwa amevaa jezi za timu kubwa, utaiona Kvarnsveden miguuni mwake. Kile ambacho kingeweza kuitwa bahati mbaya, yaani kucheza timu dhaifu, ndicho kilichomkomaza.

Mwaka 2018 ndipo alipokwenda Jiangsu Suning ya China. Wakati ule klabu nyingi za wanawake Ulaya zilikuwa bado zinalipa kidogo, wakati matajiri wa China walikuwa wanatoa fedha ya maana. Alitwaa makombe huko. Kisha mapema mwaka 2021 kampuni iliyokuwa ikiimiliki klabu ikajitoa na klabu ikafungwa, naye akahamia klabu ya Wuhan, hukohuko China. Ni Wuhan iliyomtoa kwa mkopo kwenda Inter ya Milano msimu wa 2022/23, akawa mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia, kwa mabao 23. Msimu uliofuata alikwenda kwa mkopo PSG ya Paris, akafunga 18 kwenye ligi na kuchaguliwa mchezaji bora wa mwaka nchini Ufaransa. Mwaka 2024 Lyon ikamsajili.

Maoni yangu, na mtu anaweza kunipinga, ni kwamba kwa mfuko wake China haikuwa hasara, lakini kwa mpira wake ilikuwa. Umri wa miaka 22 hadi 26 ndio umri ambao mshambuliaji anatakiwa kukutana kila juma na mabeki wanaomshinda akili, ili naye ajifunze. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya alianza kuicheza akiwa na miaka 27. Alipofika Italia hakuhitaji hata nusu msimu wa kuzoea, na hilo linanionesha kwamba alikuwa tayari miaka kadhaa kabla. Hata hivyo yeye aliweza kubeba gharama hiyo, kwa kuwa alikwenda China akiwa na misimu minne ya Sweden nyuma yake na jina ambalo hakuna aliyeweza kulifuta. Mpwa wako bado hana kitu cha kumrudisha sokoni iwapo huko Asia mambo yatakwama.

KisauniMtazamaji amejibu:

Kocha, maelezo yako nimeyasoma kwa makini na ninayaheshimu, lakini hapo pa kuiita China hasara ya kimpira nalazimika kusimama.

Mtazame mdogo wake, Temwa, aliyezaliwa mwaka 1998. Naye alitoka DD Sunshine, naye alipita Kvarnsveden kuanzia 2017, kisha akaenda Wuhan mwaka 2020 na kukaa huko hadi mwisho wa 2023. Mwaka huo wa 2023 alifunga mabao 63 katika mashindano yote, klabu na timu ya taifa pamoja, na hakuna mwanamke mwingine duniani aliyemfikia. Hakupitia Milano wala Paris. Alitoka Wuhan moja kwa moja akaenda Kansas City Current ya Marekani, na katika msimu wake wa kwanza tu, 2024, akafunga mabao 20 kwenye ligi, wakati rekodi ya msimu mmoja ilikuwa 18, ya Sam Kerr wa Australia tangu mwaka 2019. Akawa mchezaji bora wa ligi, na mwaka 2025 akawa tena. Kama miaka minne ya China inadumaza, mbona huyu hakudumaa?

Mtazame pia Barbra Banda wa Zambia. Alikuwa Shanghai kuanzia 2020, na ni katika kipindi hichohicho ambapo alikwenda Olimpiki ya Tokyo akafunga mabao matatu katika mchezo dhidi ya Uholanzi na mengine matatu katika mchezo uliofuata dhidi ya China yenyewe. Mwaka 2024 Orlando Pride ya Marekani ikatoa kama dola 740,000 kumpata, na mwishoni mwa msimu huo yeye ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya ligi na kuwapa ubingwa wa kwanza. Ninachokiona ni kwamba ligi ya China ya miaka ile iliwapa wasichana wa Kusini mwa Afrika mambo mawili ambayo Ulaya haikuwapa: nafasi ya kucheza kila mchezo kama mshambuliaji tegemeo, na mshahara wa kuwatosha kuishi bila kufanya kibarua kingine.

Na kuhusu fedha, tusiwe wepesi kumwambia mama wa watu asubiri. Miguu ya mshambuliaji ina miaka kumi, kumi na miwili ikijaliwa. Goti likichanika leo, ile posho ya daraja la tatu haitamjengea mtu hata chumba kimoja. Dada yake Mjomba hakushawishika kwa tamaa. Amepiga hesabu kama mzazi yeyote wa kwetu anavyopiga.

KochaWaKirumba amejibu:

Ndugu wa Kisauni, takwimu zako ni sahihi na hoja ya nafasi ya kucheza naikubali kabisa. Nimelegeza kauli yangu kuhusu China. Ila angalia jambo moja katika mifano yetu yote mitatu. Tabitha alianzia Sweden. Temwa alianzia Sweden. Barbra Banda, kabla ya Shanghai, alikuwa Logroño ya Hispania. Hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani akiwa na miaka 18 akaenda China moja kwa moja. Hata kwetu, Clara Luvanga aliyetoka Yanga Princess alipita kwanza Hispania, japo kwa muda mfupi, ndipo akaenda Al Nassr ya Saudi Arabia na kutwaa ubingwa nayo. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 akaenda BK Häcken ya Sweden, na kutoka huko Brighton ya Uingereza ikamchukua mwaka 2024. Kwa hiyo swali la China au Ulaya huenda siyo swali la mpwa wa Mjomba kwa sasa. La kwake ni moja: wapi atacheza dakika nyingi, na mbele ya macho ya nani. Huko Sweden hata michezo ya madaraja ya chini ina watu wanaoitazama kwa kazi, ndiyo maana Tabitha alipanda daraja moja kila mwaka.

MtuWaKasumulu amejibu:

Mimi naishi karibu na mpaka, upande wa Kyela. Ukivuka daraja la Songwe uko Karonga, na ukiendelea na barabara kuelekea kusini utafika Rumphi, kwa hiyo akina Chawinga huku kwetu ni kama mabinti wa jirani. Malawi ilipoifunga Zambia mwaka 2023 na kutwaa kombe la COSAFA, la nchi za kusini mwa Afrika, kwa mara ya kwanza, pikipiki zilipiga honi pande zote mbili za mto.

Naongeza jambo moja ambalo ninyi wataalamu hamkuligusa. Tabitha amesimulia mwenyewe kwamba akiwa na miaka 13, wapinzani walimvua nguo uwanjani, mbele ya watu, ili wathibitishe kuwa ni msichana, kwa sababu tu alikuwa anawashinda mbio na nguvu. Alisema hapakuwa na mtu wa kumtetea wakati ule. Mtoto aliyepitia hayo angeweza kabisa kuiacha daluga na asirudi tena. Mimi ninapoyahesabu yale mabao 39 ya msimu wake wa kwanza Sweden, naona pia kwamba alikuwa amefika mahali ambapo kila aliyesimama mbele yake alimtazama kama mchezaji, basi.

Kwa hiyo, Mjomba, zaidi ya mshahara, uliza binti atakuwa na nani. Je, kuna mchezaji mwingine wa Kiafrika katika timu? Kuna mwanamke katika benchi la ufundi? Akiugua usiku atampigia nani simu, na kwa lugha gani? Temwa alipofika Kvarnsveden alimkuta dada yake yuko hapohapo, na sidhani kama hilo lilikuwa jambo dogo.

NambaSabaMstaafu amejibu:

Shikamoo Mjomba, na shikamooni wote mlionizidi. Mimi nilicheza winga ya kulia, nikapata mkataba wa nje nikiwa na miaka 20, na nikarudi baada ya miezi saba. Sitataja klabu wala nchi, lakini nitasema niliyoyaona ili mpwa wako asiyaone.

Mkataba wangu ulikuwa na kurasa sita katika lugha nisiyoijua. Wakala alinisomea ukurasa wa kwanza, wenye kiasi cha mshahara, na ukurasa wa mwisho, penye mstari wa saini. Ukurasa wa nne nilikuja kutafsiriwa na mwanafunzi mmoja wa Kikenya niliyekutana naye sokoni, wakati nimeshaumia kifundo cha mguu. Uliandikwa kwamba mchezaji akikaa nje kwa majeraha zaidi ya wiki sita, mshahara unasimama. Mshahara wenyewe ulikuwa umeshachelewa miezi mitatu. Pasi yangu ya kusafiria alikuwa nayo meneja wa timu, ambaye alisema anaitunza isipotee. Nilikaa chumbani mguu ukiwa umefungwa bandeji, nikiangalia wenzangu wakienda mazoezini, na nyumbani nilikuwa nawaambia kwamba mambo ni mazuri.

Baadaye, nikiwa nimesharudi, nilijifunza kanuni ambazo laiti ningezijua mapema. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikishindwa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili kinyume cha mkataba, mchezaji anaweza kuiandikia barua ya kuidai na kuipa siku 15, na zikipita bila malipo ana haki ya kuuvunja mkataba na kudai fidia. Mimi nilikuwa na haki hiyo nami nikaondoka kama niliyefukuzwa. Kanuni hizohizo zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Mpwa wako amevuka hapo, lakini mkague wakala alianza kumzungusha lini, maana anayemtoa mtoto njia za panya leo, kesho atamtupa njia hizohizo. Tangu mwaka 2023 wakala anayewakilisha wachezaji katika uhamisho wa kimataifa anatakiwa awe amefanya mtihani wa FIFA na kupewa leseni, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi kwenye mtandao wa FIFA, yeyote anaweza kutafuta. Akiwaomba fedha ya majaribio au ya kuharakisha viza, mfungieni mlango.

Jambo jingine linahusu timu yake ya mkoa. Katika mpira wa wanaume klabu iliyomlea kijana hudai fidia ya mafunzo anaposajiliwa nje. Kwa wanawake fidia hiyo haipo katika kanuni. Kilichopo ni mchango wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho, unaogawanywa kwa timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23, na huo hulipwa pale tu anapouzwa kwa ada akiwa bado ndani ya mkataba. Kwa hiyo mwalimu wake wa mkoa ahakikishe usajili wake wa miaka yote umeandikwa vizuri. Siku akiuzwa kama Banda alivyouzwa, ile timu isiyo na hata mipira kumi nayo ipate chake.

Kuhusu Sweden au Asia sina upande. Nilichokuwa natamani wakati ule ni mtu mzima mmoja wa kwetu ausome mkataba wote, neno kwa neno, kabla sijashika kalamu.

MjombaWaUbungo amejibu:

Nawashukuru sana, na wewe Namba Saba nakushukuru zaidi, maana kuyaandika hayo si jambo jepesi. Maneno yako nimemsomea dada yangu jana usiku kwa sauti, na nilipofika pale pa pasi ya kusafiria aliniomba ninyamaze kidogo.

Haya ndiyo tuliyoyafanya tangu nilipouliza. Jina la wakala tumelitafuta katika orodha ya wenye leseni na hatukuliona. Tulipomuuliza, alisema anafanya kazi chini ya mtu mwingine, na jina la huyo mtu bado hajalitoa. Mkataba wa Asia tumeomba nakala yake yote; ametuma picha ya ukurasa mmoja wenye kiasi cha mshahara. Basi huo tumeuweka kando mpaka kurasa nyingine zifike, kama zipo.

Timu ya Sweden tumeiandikia wenyewe, kwa msaada wa binti wa jirani anayesoma chuo. Wamejibu baada ya siku mbili. Wanasema msimu wao huanza Aprili na kuisha Novemba, na mshambuliaji wao mmoja ataondoka katikati ya msimu, kwa hiyo nafasi ipo kweli. Mazoezi ni mara nne kwa juma, na katika kikosi yupo mchezaji mmoja kutoka Uganda. Kuhusu posho hawakuficha kwamba ni ndogo. Dada yangu ameuliza kama bima ya matibabu inagharamia upasuaji wa goti, jibu lake tunalisubiri, na amesema bila jibu hilo binti hapati ruhusa yake.

Wameomba video, lakini hawataki vipande vya mabao. Wanataka mchezo mzima. Kocha, naomba unisaidie hapo. Jumamosi saa kumi jioni ana mchezo, na kijana mmoja wa mtaani kwetu mwenye kamera nzuri amekubali kurekodi. Nilidhani asimame nyuma ya goli wanaloshambulia, pale ninaposimama mimi siku zote. Je, ni sawa?

KochaWaKirumba amejibu:

Hapana, Mjomba, nyuma ya goli panakufaa wewe kama shabiki, lakini mwalimu wa kule hataona kitu. Mtafutie kijana mahali pa juu usawa wa mstari wa katikati, hata kama ni paa la gari au jukwaa la mbao, na jua liwe mgongoni mwake. Asimkaribishe sana mpwa wako kwa kamera wala asimfuate yeye peke yake. Picha iwe pana kiasi cha kuonesha mabeki wanne wa wapinzani kwa pamoja. Wanataka kuona anajiweka wapi mpira unapokuwa kwa kipa wa wapinzani, anakimbia mara ngapi bila kupewa pasi, na anafanya nini dakika moja baada ya kukosa bao la wazi. Huko kujibanza kwake nyuma ya bega la beki ulikokueleza mwanzoni kutaonekana vizuri kutoka pembeni na juu. Mwandikieni pia namba ya jezi na rangi yake katika barua. Na kijana asizime kamera wakati wa mapumziko akasahau kuiwasha. Hilo limewahi kunitokea, na kipindi cha pili ndicho binti wangu alichofunga mabao mawili.